Uliza Fundi: Harusi ipo kwenye flashi, mama anataka kuiona kwenye deki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi naishi Morogoro, mdogo wangu kaolewa mwezi uliopita na mpiga video katukabidhi harusi kwenye flashi, faili moja la MP4 la saa mbili na dakika kumi. Shida yangu ni mama. Yuko kijijini Korogwe, hakuweza kuja sababu ya miguu, kule ana TV ya chogo na deki, simu yake ya kitochi. Nikanunua DVD tupu tano, nikaweka moja kwenye laptop nikavuta lile faili nikalitupia mle, Windows ikaniuliza hii diski unataka kuitumia kama flashi au kwenye deki, nikachagua ya deki, ikachoma mpaka mwisho bila neno. Nimempelekea, deki inazunguka weee halafu inaandika NO DISC. Zote tano nimezimaliza hivyohivyo, na kwenye laptop zinacheza vizuri tu. Mama keshaamini deki yake imekufa anataka kumpa fundi, na kila nikimpigia ananiuliza lini nitamuona mwanangu na shela. Nisaidie. (Dada wa Kihonda, Morogoro)

JIBU: Marahaba dada, na hongereni kwa harusi. Kabla hujamaliza kusoma mpigie mama umwambie deki asiipeleke popote, aweke diski yoyote ya zamani aliyonayo, ya kwaya, ya taarabu, yoyote, ikicheza basi deki ni nzima na tatizo lipo kwenye ulichochoma. Na wala si kosa lako, hilo swali la Windows linawachanganya watu wengi mno. Ukichagua "ya deki" unadhani itakutengenezea DVD ya deki, kumbe inachofanya ni kufunga tu diski ili isomeke kwenye mashine nyingine, lile faili lako la MP4 limebaki MP4 vilevile limekaa ndani ya diski kama maharage ndani ya gunia.

Sasa deki ya kawaida haijui MP4. Deki za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani 1997, na kilichokubaliwa kipindi kile ndo hichohicho zinachokitafuta mpaka leo: ukiweka diski, deki inatafuta folda inaitwa VIDEO_TS, ndani yake kuna mafaili ya IFO yanayoielekeza sinema inaanzia wapi, BUP ambayo ni akiba ya hayo IFO, na VOB ambayo ndo picha na sauti zenyewe, na hiyo picha lazima iwe imefungwa kwa mtindo wa MPEG-2, kwa huku kwetu tunaotumia PAL (mfumo wa picha za TV) saizi ni nukta 720 kwa 576, fremu 25 (yaani picha 25) kwa sekunde, sauti lazima iwe ya kilohezi 48. Asipokuta hivyo yeye anahesabu hamna diski. Simu na kamera za siku hizi zinarekodi mtindo wa H.264 au mpya zaidi, ambao hata haukuwepo deki zile zilipobuniwa. Laptop inacheza kwa sababu laptop ina programu inayojua karibu kila kitu.

Kwa hiyo kazi ni mbili, kugeuza halafu kuchoma, na zote utazifanya kwa programu moja ya bure inaitwa DVDStyler, ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux. Watu wengine watakwambia pakua HandBrake, HandBrake ni nzuri sana naipenda lakini inafanya kazi ya kinyume, inatoa kitu kwenye DVD kukupeleka kwenye MP4, haitengenezi DVD. Na kama una laptop ya zamani yenye Windows 7 mle kulikuwa na Windows DVD Maker, ilikuja na Vista, ikaondolewa Windows 8, so usihangaike kuitafuta kwenye mashine mpya.

Ukifungua DVDStyler itakuuliza mambo machache kabla ya yote. Diski chagua ya GB 4.7, mtindo chagua PAL, sauti chagua AC3 au MP2, umbo la picha chagua 16:9 maana harusi za siku hizi zote zinapigwa pana. Halafu inakuletea menyu za kupamba, maua na nini, mimi kwa mama ningekushauri usiweke menyu kabisa, chagua ile ya bila kiolezo, ili akisukuma diski ndani picha ianze yenyewe asitafute rimoti. Rimoti za vijijini unazijua, betri zimefungwa na mpira na vitufe nusu havibonyezeki.

Kisha vuta faili lako ulitupie kule chini. Hapo ndo kwenye jambo ambalo wengi wanaliruka na ndo linaloamua ubora wa picha. Diski haipimwi kwa dakika, inapimwa kwa uzito wa faili, yaani GB, sasa dakika zikiwa nyingi kila sekunde inapata uzito mdogo na picha inaanza kuvunjika vigae, hasa watu wakicheza na taa zikiwaka waka ukumbini. Hesabu ninayoitumia mimi kila siku: chukua 600 gawa kwa dakika za video, jibu ndo megabiti kwa sekunde unazoweza kutumia, picha na sauti kwa pamoja. Ya kwako dakika 130, ukigawa unapata 4.6, hiyo inafaa kabisa kwa chogo. Saa moja ingekupa 10, lakini usifike huko, mwisho wa picha kisheria ni 9.8 na deki nyingi za bei ndogo zinaanza kukwamakwama ukikaribia hapo, mimi sipiti 8. Video ya saa tatu inakupa 3.3, hapo bora ukate diski mbili, kanisani au msikitini diski ya kwanza, ukumbini ya pili, watu wanapenda hata hivyo. Ukiiacha DVDStyler kwenye otomatiki itakupigia hesabu yenyewe ila ni vizuri ujue inachofanya.

Usishangae pia kuona picha imepungua ukali ukiiangalia kwenye laptop baada ya kugeuza. Full HD ina nukta zaidi ya milioni 2, DVD ya PAL ina laki 4 na elfu 14 na ushee, yaani moja ya tano kamili. Kwenye TV ya chogo hiyo tofauti haionekani maana chogo lenyewe halina uwezo wa kuonyesha zaidi ya hapo.

Ukibonyeza Burn kuna chaguo la kutengeneza tu faili la ISO, yaani DVD nzima ndani ya faili moja, bila kuchoma. Chagua hilo kwanza. Sababu ni umeme. Kugeuza saa mbili za video kwenye laptop ya kawaida kunaweza kula muda sawa na video yenyewe au zaidi, sasa kama LUKU inaishia katikati unapoteza usiku wako tu, lakini ukikatika wakati laser inaandika unapoteza diski, ndo imeisha haiandikwi tena. Geuza usiku, ISO ikiwa tayari ifungue kwenye VLC (programu ya bure ya kuchezea video) uangalie mwanzo, katikati na mwisho, ndo uchome asubuhi laptop ikiwa na betri imejaa. ISO yenyewe ukitaka kuihamishia kwenye flashi ikakataa kuingia ikisema faili ni kubwa, ujue flashi imeformatiwa FAT32 ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4, hamna virusi hapo. Na diski ya 4.7 ikijionyesha kama 4.38 usirudi dukani kugombana, Windows inahesabu giga kwa namna yake, diski ni ileile.

Diski nunua DVD-R, ile yenye alama ya kistari. Zile za jumlisha (DVD+R) nazo zinacheza deki nyingi ila deki za zamani kabisa zinaielewa zaidi ya kistari, na RW, zile za kufuta na kuandika tena, usimpelekee mama kabisa, inarudisha mwanga kidogo kuliko za kuandika mara moja na lenzi iliyochoka inashindwa kuisoma. Choma kwa spidi 4 au 8. Kwa 4 diski iliyojaa inachukua kama robo saa.

Sasa la mwisho dada, na hili limenitokea kwa bibi yangu mwenyewe. Nilimchomea sherehe ya mjukuu wake, nikampelekea mwenyewe, tukakaa wote mkekani, picha ikaanza, bibi arusi anaonekana nusu, bwana arusi hayupo kabisa amekatwa na ukingo wa TV. Bibi akaniuliza, "Huyu mkwe mbona hamjampiga picha?" Nilihisi vibaya sana. Kumbe diski ilikuwa salama, deki ilikuwa imewekwa 4:3 PS, ambayo inajaza kioo chote cha chogo kwa kukata pembeni. Ukifika Korogwe bonyeza SETUP kwenye rimoti, tafuta sehemu ya TV, badilisha iwe 4:3 LB, itaweka ukanda mweusi juu na chini lakini kila mtu aliyepo kwenye picha ataonekana. Kama huwezi kwenda, mwelekeze kijana yeyote hapo kwa simu, ni vitufe vitatu vinne tu. Na kama mpiga video ameandika majina pembeni kabisa mwa picha yanaweza yakamezwa kidogo, TV za chogo zinakata ukingo, hilo halina dawa ya upande wako.

Choma mbili, moja ya kucheza na moja ya akiba. Lile faili la MP4 usilifute, libaki sehemu mbili tofauti, DVD hii ni kwa ajili ya mama kuona, haiwezi kuwa ndo nakala yenu ya pekee.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nachoma mwenyewe kwa DVDStyler vizuri kabisa, ila diski zikifika kama saa moja na robo picha zinaganda, zinatoka vigae, sauti inakwaruza halafu inasimama. Mwanzo hazina tatizo lolote. Nimebadilisha deki mbili. (Kaka wa Tabora)

JIBU: Kaka, kinachonisaidia hapo ni hiyo "mwanzo hazina tatizo". DVD inaandikwa kuanzia ndani karibu na tundu kwenda nje, kwa hiyo dakika za mwisho zipo ukingoni kabisa, na ukingoni ndo pabaya kuliko pote, ndo panaposhikwa na vidole, ndo panapokwaruzika, ndo panapoyumba diski ikiwa imepinda japo kidogo sana, na wachomaji wengi pale ndo wanakuwa wamefikia spidi ya juu. Punguza spidi iwe 4, badilisha aina ya diski (zile za boksi la 50 zisizo na jina mimi nimeshaacha kununua), na usiijaze mpaka mwisho, acha hata MB 200 au 300 pembeni isiandikwe kitu.

Halafu niulize, unabandika stika za karatasi juu? Mimi niliwahi kuchoma nakala 40 za harusi moja, nikaprinti stika nzuri zenye picha ya maharusi, mteja alifurahi sana siku ya kukabidhiwa. Haikupita muda wakaanza kupiga simu mmoja mmoja, kila mmoja analalamika zinakwama mwishoni kama hizo zako. Nilizichoma upya zote kwa pesa yangu. DVD unayoiona ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 vimegundishwa, data imekaa katikati, karatasi yenye gundi ikipata joto na unyevu inajivuta na kuikunja diski kiasi ambacho jicho halioni lakini lenzi inaona. Tangu siku hiyo naandika kwa maka pen laini kwenye duara la katikati, au nanunua diski za kuprintiwa juu moja kwa moja. Kalamu ya bik usitumie, ncha yake inakandamiza.

Za zamani ambazo zinakwama futa kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe kama unaosha sahani, maana mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ileile ya data na unaharibu sehemu ndefu, wa kukatiza deki inaweza kuuruka. Zikicheza hata mara moja kwenye kompyuta haraka nakili VIDEO_TS yote uihifadhi.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nna video za arusi ya ndugu yangu hapa Mombasa, zote tumepiga kwa simu, nimezitia kwenye DVD lakini sauti na mdomo haviendi pamoja. Mwanzo ni sawa, kila zikienda mbele sauti yachelewa zaidi, mpaka mwisho shehe ashamaliza kusoma kitambo na sauti bado yasoma. Kwenye simu ziko sawa. (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Waalaykum salaam. Umeeleza vizuri kiasi kwamba hamna haja ya kukuuliza lolote. Kama sauti ingekuwa imepishana kiasi kilekile kuanzia mwanzo mpaka mwisho ningekwambia isogeze tu, lakini ikiwa inazidi kupishana kidogokidogo chanzo chake karibu kila mara ni simu. Simu haihesabu fremu sawasawa, kukiwa na giza au ikipata joto inapunguza, mwanga ukija inaongeza, yenyewe ikicheza video yake inajua ilipopunguza na ilipoongeza. DVD haina ujanja huo, PAL ni fremu 25 kila sekunde basi, so programu inapogeuza bila kujua inazipanga kana kwamba zimelingana, na zile tofauti ndogo zinajumlishana mpaka unapata hicho ulichokiona.

Dawa yake hapa ndo HandBrake inapofaa. Pitisha kila video kwanza kwenye HandBrake, sehemu ya Video weka fremu 25 na chini yake uchague Constant, sehemu ya sauti weka 48, itakutolea MP4 mpya yenye hesabu iliyonyooka. Hiyo ndo uipeleke DVDStyler. Ubora weka juu kidogo kuliko kawaida kwa sababu unaigeuza mara mbili. Na tafadhali tumia video zilizotoka kwenye simu yenyewe, usitumie zilizopita WhatsApp, zile zimeshaminywa na ukizigeuza tena utaona uso wa bwana arusi umekuwa kama umepakwa unga. Mtumie aliyepiga flashi, au msogeze simu na kompyuta mkahamishe kwa waya.

Video alizopiga mtu akiwa ameshika simu wima zitatokea nyembamba katikati na weusi pande zote mbili, usijaribu kuzivuta zijae, watu watanenepa.

SWALI: Fundi nipo Houston, nilitumiwa DVD ya msiba wa baba kutoka nyumbani, deki ya hapa inaikataa, rafiki yangu anasema ni mambo ya rijeni. Kweli? (Msomaji, Texas)

JIBU: Pole sana kwa msiba. Rijeni ni namba wanazoweka wauza sinema, Marekani ni 1, Afrika Mashariki tupo 5, lakini diski iliyochomwa nyumbani kwa kawaida haina namba hiyo, inafunguka kote. Tatizo lako zaidi ni PAL. Deki nyingi za huku kwetu zinacheza PAL na NTSC (mfumo wa TV wa Marekani) zote, za Marekani nyingi ni NTSC peke yake. Iweke kwenye kompyuta yenye VLC utaiona leo hii hii bila kubadilisha chochote. Ukitaka familia ya hapo waione kwenye deki, toa MP4 kwa HandBrake halafu itengeneze upya kwenye DVDStyler ukichagua NTSC, saizi itakuwa 720 kwa 480. Ukichoma ya kurudisha nyumbani ichague PAL, kuna TV za chogo zinaonyesha NTSC bila rangi au picha inapanda juu juu.

SWALI: Laptop yangu haina sehemu ya kuweka diski na pesa ya kununua draivu ya nje sina. Deki ya babu ina tundu la flashi ila MP4 haioni. Nifanyeje? (Kijana wa Iringa)

JIBU: Usinunue draivu basi, tundu hilo linakutosha. Deki nyingi zenye tundu la USB zinasoma faili la AVI lililofungwa kwa mtindo wa Xvid au DivX, na nyingine zinasoma MPEG-2 ileile ya DVD. Flashi iformati FAT32 (hamisha vitu vyako kwanza), halafu kama una ffmpeg (programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri) kwenye laptop andika hivi: ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg. Hiyo inakupa faili la MPG la saizi na sauti sahihi kabisa. Likizidi GB 4 likate vipande. Jina lipe fupi, bila nafasi. Deki ikilikataa, tengeneza AVI ya Xvid, upana usizidi 720, sauti MP3. Weka kwanza kipande cha dakika mbili, mpelekee babu ujaribu kwenye deki yake yeye, kikicheza ndo uendelee na video nzima.